Kisima Kina Maji, Bomba la Mvua Linadondosha

Barua za mwezi huu zimetoka pwani na bara, Tanzania na Kenya, lakini karibu zote zinaishia kwa swali moja: ninunue pampu ya ukubwa gani? Nimezisoma zote, na kwa maoni yangu wengi wa walioandika hawahitaji pampu mpya. Wanahitaji ndoo ya lita 20, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na futi ya kupimia, pamoja na nusu siku ya kuzunguka nyumba yao wenyewe kabla hawajamwita fundi. Nimechagua barua tano ambazo majibu yake yatawafaa wengine pia.

SWALI: Shikamoo. Ninaishi Kigamboni katika nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, ambayo tulihamia miaka miwili iliyopita. Tuna kisima kirefu cha mita 45 chenye pampu ya kuzamishwa ya nguvu ya farasi 1, inayojaza tangi la lita 2,000 lililo juu ya mnara wa mita 3, na kutoka hapo maji hushuka yenyewe hadi ndani kwa bomba la plastiki la milimita 20. Jikoni, ambako ni karibu na mnara, maji yanatoka vizuri. Bafuni, umbali wa kama mita 25, bomba la mvua linadondosha tu, hasa jioni. Asubuhi tangi likiwa limejaa lina nafuu kidogo. Fundi wa kwanza amesema pampu ni ndogo, ninunue ya farasi 2. Fundi wa pili amesema kisima kinakauka. Nimsikilize yupi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa maelezo yako mwenyewe, usimsikilize hata mmoja.

Maji ya nyumba yako yana safari mbili ambazo hazihusiani. Safari ya kwanza ni kutoka kisimani hadi kwenye tangi, na hiyo ndiyo kazi ya pampu. Safari ya pili ni kutoka kwenye tangi hadi bafuni, na huko pampu haina mkono wowote, kwa sababu kinachosukuma maji ni uzito wa maji yenyewe kutoka pale yalipo juu hadi pale yanapotokea. Ukiweka pampu ya farasi 2, tangi litajaa upesi zaidi, lakini bomba la mvua halitapata habari. Na kama kisima kingekuwa kinakauka, ungeona tangi halijai. Wewe unasema kila asubuhi limejaa.

Sasa tupime. Kila mita 10 za kimo cha maji huleta msukumo wa takriban bar 1 (bar ni kipimo cha msukumo). Kitako cha tangi lako kiko mita 3 kutoka ardhini, lakini nyumba haikujengwa ardhini, imejengwa juu ya msingi, na watu wengi husahau kuuhesabu. Tuseme msingi una nusu mita, na kichwa cha bomba la mvua kiko mita 2 juu ya sakafu: hicho kichwa kiko mita 2.5 kutoka ardhini, kwa hiyo tangi likikaribia kuisha jioni unabaki na nusu mita tu ya kimo, yaani bar 0.05. Tangi likijaa, maji yaliyomo huongeza kama mita moja na nusu, na hapo unapata mita 2. Bomba la jikoni, ambalo liko mita 1 tu juu ya sakafu, lina mita moja na nusu hata tangi likiwa karibu tupu. Hiyo ndiyo sababu jikoni hakuna malalamiko, na ndiyo sababu asubuhi ni afadhali kuliko jioni. Ulikuwa umeshajipatia jibu bila kujua.

Lakini kimo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni bomba la milimita 20. Namba hiyo iliyochapwa juu ya mabomba ya kuchomelea kwa joto, ambayo mafundi huyaita PPR, ni kipenyo cha nje. Kwa lile nene linalouzwa kwa ajili ya maji ya moto, tundu la ndani ni kama milimita 13 tu. Mtu anayeoga kwa raha hutumia takriban lita 8 kwa dakika. Kuzipitisha lita hizo katika mita 25 za bomba la milimita 20 kunakula karibu mita 2.7 za kimo, wakati wewe tangi likiwa limejaa kabisa una mita 2. Hesabu haikubali, na hakuna fundi atakayeilazimisha ikubali. Bomba la milimita 25 katika umbali huohuo hula chini kidogo ya mita 1, na la milimita 32 hula kama sentimita 30. Sababu ya tofauti kubwa hivyo ni kwamba msuguano haukui kwa kadiri kipenyo kinavyopungua, bali hukua kwa kasi sana: tundu likipunguzwa kuwa nusu, maji yaleyale yanagharimu msukumo wa mara 30 hivi. Mafundi wetu wamezoea milimita 20 kwa sababu ni rahisi kwa bei, na kwa sababu katika nyumba iliyounganishwa na bomba la mamlaka ya maji lenye msukumo mkubwa udhaifu huo hauonekani. Katika nyumba inayotegemea mnara wa mita 3 unaonekana siku ya kwanza.

Kwa hiyo ningekushauri uanze hivi. Toa bomba lote refu kutoka kwenye tangi hadi ukuta wa bafu, uweke la milimita 32, na lile la 20 libaki kwenye vipande vifupi vya mwisho tu, ndani ya ukuta. Wakati huohuo angalia koki ya kufungia iliyoko chini ya tangi. Kama ni ile ya gurudumu la kuzungusha, mara nyingi ulimi wake wa ndani hukwama nusu njia huku gurudumu likizunguka kama kawaida, na unaweza kuishi nayo miaka ukidhani iko wazi; ibadilishe kwa koki ya mkono mmoja inayofunguka kwa robo mzunguko na kuacha tundu lote wazi. Kisha fungua kichwa cha bomba la mvua. Vichwa vipana vinavyopendwa siku hizi, vyenye matundu madogo kama ya sindano, pamoja na mabomba ya kuchanganya maji ya moto na baridi kwa mkono mmoja, vingi vimetengenezwa kwa nyumba zenye bar 1 au zaidi. Kichwa cha zamani chenye matundu makubwa kitakupa maji mengi zaidi kwa kimo hichohicho, ingawa hakitapendeza kwenye picha.

Ukishafanya hayo na bado hujaridhika, ndipo ufikirie pampu ndogo ya kuongeza msukumo, na hiyo haihusiani na ile ya kisimani: hukaa kwenye bomba linalotoka kwenye tangi na kuwaka yenyewe unapofungua maji. Iwekwe na njia ya pembeni yenye valvu ya kuzuia maji yasirudi, ili umeme ukikatika maji yaendelee kushuka kwa uzito wake, maana faida kubwa ya mnara ni kwamba haujui mgao. Iwe pia na boya la kuizima tangi likiwa tupu. Pampu ya namna hii ikizunguka bila maji huungua mapema.

Kuinua mnara nimekuweka mwisho kwa makusudi. Lita 2,000 ni tani 2, na kila nikipita mtaani naona minara iliyoongezwa matofali mawili matatu juu ya nguzo ambazo hazikukusudiwa kubeba hayo. Kama ni lazima, mwite mtu wa ujenzi, si fundi bomba.

SWALI: Salaam aleikum. Nyumba yangu iko Bamburi, Mombasa. Sina tangi la juu. Pampu inasukuma maji moja kwa moja kupitia tangi la presha la lita 100, na swichi yake imeandikwa 20 na 40. Tangu mwezi uliopita maji ya mfereji yanakuja kwa pumzi: yana nguvu, yanafifia, kisha yana nguvu tena, na swichi inalia kila baada ya sekunde chache. Fundi anataka kukaza skurubu ya swichi ifike 60. Nimruhusu?

JIBU: Waaleikum salaam. Hapana, usimruhusu, angalau hadi umpime mgonjwa mwenyewe.

Ndani ya tangi la presha kuna mfuko wa mpira. Upande mmoja wa mpira una maji, upande wa pili una hewa iliyobanwa, na hewa hiyo ndiyo inayoyasukuma maji kwenda kwenye mifereji yako wakati pampu imepumzika. Namba 20 na 40 ni za msukumo kwa kipimo cha psi, sawa na bar 1.4 na bar 2.8 hivi: pampu huwaka msukumo ukishuka hadi 20, na huzima ukifika 40. Tangi zima la lita 100 lililojazwa hewa ipasavyo hukupa zaidi ya lita 30 kati ya pampu kuzima na kuwaka tena, kwa hiyo mfereji mmoja ukiwa wazi pampu ilipaswa kulala kama dakika nne. Yako inalala sekunde chache, maana yake ni kwamba karibu hakuna hewa iliyobaki ndani, na tangi limegeuka kuwa kipande kinene cha bomba.

Zima umeme wa pampu kwenye swichi kuu, fungua mfereji wa chini kabisa, na uache hadi maji yaishe na geji isome sifuri. Juu au pembeni mwa tangi kuna kipulizio kama cha gurudumu la baiskeli, kibonyeze kidogo. Yakitoka maji, mpira umepasuka, na itabidi ubadilishwe mpira au tangi lote, kutegemea aina. Ikitoka hewa, ipime kwa geji ya matairi. Kwa swichi ya 20 na 40 inatakiwa iwe kama psi 18, yaani 2 chini ya namba ya kuwashia, na ikiwa pungufu ongeza kwa pampu ya baiskeli au kwa kompresa ya gereji. Kipimo hiki ni cha tangi lisilo na maji. Ukipima likiwa limejaa utasoma msukumo wa maji na kujidanganya.

Kukaza skurubu hadi 60 hakungerudisha hewa hata kidogo. Pampu ingezidi kuwaka na kuzima, na ikiwa haina uwezo wa kufika 60, isingezima kabisa hadi iungue. Kuwaka na kuzima mara kwa mara ndiko kunakoua mota za pampu za kisima kuliko umri, kwa sababu kila inapoanza hunywa umeme mara kadhaa kuliko inapozunguka.

Jambo moja la kuongeza: kuna kijibomba chembamba kinachopeleka msukumo kwenye swichi. Maji ya visima yenye chuma hukiziba kwa kutu, na swichi ikaanza kusema uongo hata kama tangi ni zima. Kifungue na kukisafisha kwa waya ukiwa bado umezima umeme. Na usiku, watu wote wakiwa wamelala na mifereji yote imefungwa, sikiliza: swichi ikilia hata mara moja kwa saa, una mahali panapovuja, au valvu ya kisimani inarudisha maji chini.

SWALI: Mimi ni mstaafu, ninaishi Bagamoyo, si mbali na bahari. Pampu yangu ilikuwa inajaza tangi la lita 2,000 kwa saa moja na robo. Sasa inachukua saa tatu, na maji yameanza kuwa na ladha ya chumvi. Nimeambiwa kisima kichimbwe zaidi na kiwekewe pampu kubwa.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi: ulijua muda wa kujaza tangi wakati mambo yalikuwa sawa. Lita 2,000 kwa saa moja na robo ni karibu lita 27 kwa dakika, na kwa saa tatu ni lita 11. Kwa ndoo ya lita 20, ni tofauti kati ya sekunde 45 na karibu dakika mbili. Na hapa, tofauti na barua ya Kigamboni, tatizo liko katika safari ya kwanza, kisimani.

Swali la kuuliza ni hili: udhaifu unaanza lini? Acha kisima kipumzike usiku kucha bila kusukumwa. Asubuhi weka ndoo kwenye mdomo wa bomba linaloingia kwenye tangi, au kama kuna koki pale kisimani ndiyo afadhali, washa pampu, na pima ndoo ya kwanza. Pima tena baada ya dakika 10, kisha 30, kisha saa moja, na uandike kila kipimo kwenye daftari.

Ikiwa ndoo ya kwanza imejaa kwa sekunde 45 kama zamani, na zile za baadaye zinazidi kuchelewa, pampu yako ni nzima. Kinachotokea ni kwamba maji ndani ya kisima yanashuka unapoyavuta, na yanashuka kuliko zamani, ama kwa sababu usawa wa maji ya ardhini umepungua wakati wa kiangazi, au majirani wamechimba visima vingi, au chujio la kisima limezibwa na mchanga mwembamba na kutu. Hili la mwisho linatibika: kuna mafundi wa visima wenye kompresa wanaosafisha kisima kwa kupiga hewa hadi maji yatoke safi, na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kuchimba.

Ikiwa ndoo ya kwanza yenyewe imechukua dakika mbili, ugonjwa uko kwenye pampu, bomba au umeme. Anza na umeme kwa kuwa ni rahisi. Mwambie fundi wa umeme apime volti pampu ikiwa inazunguka, si ikiwa imezimwa, kwa sababu waya mwembamba na mrefu huonyesha volti 230 ukiwa umetulia na kushuka vibaya mzigo ukiingia. Akague na kapasita, kile kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, iliyomo kwenye boksi la kuwashia; ni kitu kidogo cha bei nafuu ambacho kimewafanya watu wengi wang'oe pampu nzima bure. Kisha zima pampu na uweke sikio kwenye mdomo wa kisima. Ukisikia maji yakimiminika kurudi chini, bomba la kupandishia limetoboka, au kiungo kimelegea, au valvu ya juu ya pampu haifungi. Pampu inafanya kazi lakini sehemu ya maji inaishia humohumo. Kama kimya kimetawala na umeme uko sawa, basi mapangaboi ya ndani ya pampu yanayosukuma maji yameliwa na mchanga, au bomba limejaa kutu, na hapo itabidi ipandishwe. Shika maji ya kwanza kwenye glasi nyeupe. Mchanga ukituama chini ya glasi, pampu mpya nayo italiwa.

Ladha ya chumvi ndiyo inayonifanya nikusihi usichimbe zaidi kabla ya hayo yote. Karibu na bahari, maji baridi ya ardhini hukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi, na anayevuta kwa nguvu kutoka chini huyapandisha yale ya chumvi. Pampu kubwa na kisima kirefu zaidi ni njia ya uhakika ya kupata maji mengi yasiyonyweka. Vuta kidogo kidogo: washa pampu kwa muda wa saa moja asubuhi na muda wa saa moja usiku badala ya saa tatu mfululizo, na ongeza tangi la pili la chini ikibidi, ili akiba ibebwe na tangi. Na kama mwisho wake utakuwa ni kuchimba kisima kingine, pitia kwanza Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kwa ajili ya kibali. Wachimbaji wengine watakwambia hilo ni la kushughulikia baadaye. Waombe waliandike kwenye mkataba, uone watakavyojibu.

SWALI: Niko Fuoni, Unguja. Mifereji yote ya nyumba iko sawa isipokuwa mmoja wa kunawia mikono, ambao maji yake ni uzi tu. Nibadilishe bomba la ukutani?

JIBU: Usivunje ukuta. Udhaifu ukiwa kwenye mfereji mmoja pekee, sababu iko ndani ya mfereji huo au hatua moja nyuma yake. Fungua kile kichujio kidogo cha kuzungusha kilicho mdomoni mwa mfereji. Visima vyenu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa nyingi, na chokaa hiyo hujijenga kwenye wavu kama ukoko wa sufuria. Kilaze ndani ya siki usiku mmoja, kisha kisugue kwa mswaki wa zamani. Kama maji bado ni uzi, funga koki ndogo iliyo chini ya sinki, ondoa mpira unaopandisha maji, uelekeze mdomo wake kwenye ndoo na ufungue koki. Yakija kwa nguvu, mfereji ndio uliozibwa. Yasipokuja, ni koki hiyo au mpira wake. Vyote viwili hubadilishwa kwa spana moja.

SWALI: Nina kisima cha kuchimbwa kwa mkono huku Handeni, kina cha mita 12. Pampu ya petroli iko juu, pembeni mwa kisima. Wakati wa masika maji yanakuja mengi, kiangazi kikifika yanapungua hadi pampu inavuta hewa. Nimefikiria kuishusha pampu ndani kwa kamba hadi kwenye kingo ya katikati, na kijana awe anashuka kuiwasha. Je, itasaidia?

JIBU: Ndugu yangu, kijana asishuke. Nimelitanguliza hilo ili hata ukiacha kusoma hapa liwe limekufikia. Injini ya petroli hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kisima ni shimo ambalo hewa hiyo haina pa kutokea. Anayeshuka huishiwa nguvu kabla hajajua kuna tatizo, na mara nyingi anayemfuata kumwokoa hufa pamoja naye. Hata bila injini, kisima kilichofunikwa muda mrefu kinaweza kuwa na hewa isiyotosha kupumua.

Wazo lako, hata hivyo, lina msingi wa kweli, na inafaa ujue ni upi. Pampu iliyo juu ya ardhi haiyavuti maji. Inapunguza hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyapandisha. Uzito huo hauwezi kuyainua zaidi ya mita 10 na kidogo hata kwa pampu kamilifu, na kwa pampu tunazouziwa madukani, zenye viungo vinavyovuja hewa kidogo, mpaka ni mita 7, labda 8. Kumbuka pia kwamba kadiri unavyopanda juu kutoka usawa wa bahari ndivyo uzito wa hewa unavyopungua. Masika maji yako yako mita 4 au 5 chini, pampu haina shida. Kiangazi yanashuka kupita mpaka, na hakuna injini kubwa itakayobadilisha hilo.

Kwa kuwa huwezi kuyavuta, inabidi yasukumwe kutoka chini. Pampu ndogo ya umeme ya kuzamishwa, ya gridi au ya jua, hushushwa kwa kamba na mtu akiwa amesimama juu, na kazi yake ni kusukuma tu, kwa hiyo mpaka wa mita 7 haiihusu. Pampu yoyote ya umeme kisimani iwe na waya wa ardhi na breka ya kukata umeme unapovuja.

Kabla ya kutumia pesa, funga jiwe safi kwenye kamba, lishushe hadi ligonge chini, kisha upandishe kamba na upime sehemu iliyolowa na sehemu kavu. Fanya hivyo mara moja kwa wiki kuanzia sasa hadi mvua zitakaponyesha. Ukikuta mwisho wa kiangazi sehemu iliyolowa haifiki mita 1, hata pampu ya kuzamishwa itakuwa inanyonya tope; niandikie tena na vipimo hivyo, tuangalie uwezekano wa kukichimba zaidi wakati kikiwa kikavu, kwa wachimbaji wenye vifaa vya kupeleka hewa chini.